CHUMA NA NYOTA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya madini, yenye uzito wa kilo 500 hivi, ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza, baada ya uchunguzi wa mwanzo, kuwa ni kipande cha roketi. Basi hiyo ni kazi ya mikono ya binadamu. Si ishara ya heri wala ya shari, na hapana haja ya kuipigia ramli.

Lakini chuma cha kustaajabiwa zaidi ki chini ya nyayo za watu wa Makueni na majirani zao wa Kitui. Udongo wao ni mwekundu, na wekundu ule ni kutu ya chuma. Kilitoka wapi? Wataalamu wasema kilipikwa katika nyota kabla ya dunia hii kuwako. Nyota ni tanuri: haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko vyote, huunganishwa kwa joto la mamilioni ya digrii ikawa heliamu; heliamu ikawa kaboni na oksijeni; na katika nyota kubwa mno kazi huendelea hata kufikia chuma. Hapo tanuri hukosa kuni, kwani chuma kikiunganishwa hakitoi nguvu bali huzila. Kitovu huporomoka, nyota hupasuka, na vilivyomo hutawanyika, vikawa mavumbi ya kuumbiwa nyota na dunia nyingine. Chuma kingi huundwa katika mipasuko yenyewe. Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle waliyaeleza mambo haya kwa urefu mwaka 1957.

Wako ndugu zetu wakisikia haya hukimbilia Suratul Hadid, palipotajwa kuteremshwa kwa chuma, wakasema kuwa hoja imekwisha. Twawaombea heri kwa mapenzi yao, lakini Kitabu hakifasiriwi kwa pupa. Katika Suratuz Zumar neno hilo hilo limetumiwa kwa wanyama wa mifugo, na hapana aliyepata kuona ng'ombe akishuka kutoka mbinguni. Wako wafasiri waliolieleza kwa maana ya kuumba na kuneemesha. Elimu ya watu hurekebishwa kila zama. Basi mwenye kuifunga imani ya mwanawe kwenye kauli ya wataalamu, siku kauli hiyo ikibadilika atamwambia nini?

Yatupasa tuwapeleke watoto wetu, wa kiume na wa kike, wakaisome elimu ya nyota kwa haki yake, kama wazee wetu wa mwambao walivyozijua nyota wakaongozea majahazi. Na wajue kwamba chuma kile kimo katika damu yao, ili anayejivunia nasaba akumbuke kuwa yeye na jirani yake wameumbwa kwa mavumbi mamoja.

Wabillahi taufiq.