Je, Ni Haki Kulizunguka Agizo Lisilo la Haki?

Mwaka jana wakati wa likizo nilimkuta mdogo wangu akicheza kamari ya mpira kwenye simu. Ana umri wa miaka 15. Kwa kuwa watoto hawaruhusiwi, alikuwa amejisajili kwa laini ya mama na kwa namba ya kitambulisho cha mama, na mama mwenyewe hakuwa na habari. Nilimkemea kama ilivyo wajibu wa kaka mkubwa. Nilimwambia kwamba sheria ya kuwazuia watoto haikuwekwa bure. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Lakini kaka, Facebook nayo imefungwa na serikali. Wewe ndiye uliyemwekea mama VPN. Na mimi ulinifundisha wewe."

Nilimnyang'anya simu. Hilo halikuwa jibu, na sote wawili tulijua hivyo. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta jibu la kweli, na insha hii ni jaribio langu.

Wasomaji wasioishi Uganda wanahitaji maelezo kidogo. VPN ni programu inayoipitisha intaneti ya simu yako katika nchi nyingine kabla ya kufika unakotaka, ili mtu anayefunga njia hapa nyumbani asione unakokwenda. Kwetu vijana waliijua kwa wingi kuanzia tarehe 1 Julai 2018, siku ilipoanza kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kuingia WhatsApp, Facebook au Twitter. Miezi michache kabla, Rais Museveni alikuwa ameandika barua akisema mitandao hiyo inaleta lugambo na kwamba lugambo lina gharama zake. Kamusi zitakuambia lugambo ni umbea. Mimi ninayejifunza Kiswahili sikubali haraka hivyo. Umbea ni tabia ya mtu. Tunamwita fulani mbea. Lugambo linazunguka kijijini bila mwenyewe, na mara nyingi ndiko mnakosikia kwanza jambo ambalo redio itasema wiki ijayo. Lakini hayo ni mambo ya wanaisimu, turudi kwenye VPN.

Mwezi Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, kampuni ya Facebook ilifunga akaunti kadhaa ilizosema ni za uongo, zenye uhusiano na wizara ya habari na mawasiliano, zilizotumiwa kufanya maoni ya upande mmoja yaonekane kuwa ya watu wengi. Serikali ilikasirika. Tarehe 12 Januari makampuni ya simu yaliagizwa kufunga mitandao ya kijamii, na jioni ya tarehe 13, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti yote ilizimwa. Ilirudi tarehe 18. Mitandao mingine ilifunguliwa baadaye, lakini Facebook ilibaki imefungwa, na miaka imepita.

Mama yangu ni fundi cherehani huko Masaka. Anashona gomesi, na wateja wake wengi walimpata kwa picha za Facebook. Zile siku tano za Januari alikuwa na gomesi ya mteja wa Kampala aliyekuwa na sherehe ya kwanjula. Kitambaa kilikuwa kimefika, lakini picha ya mshono ilikuwa ije kwa WhatsApp, na haikuja. Simu za kawaida zilipita, basi mteja akaeleza kwa mdomo, mama akakata kitambaa kwa kusikia tu. Anayejua gomesi anajua mabega yake. Yalikosewa, kitambaa kikaharibika, mama akakilipa. Intaneti iliporudi na Facebook haikurudi, nilimwekea VPN mwenyewe. Nilimwonyesha mahali pa kubofya, nikamwambia, "Mama, hakuna mtu atakayejua." Nayasikia maneno hayo upya sasa, na naona kwamba mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale akituangalia.

Rafiki yangu anayesoma sheria ananiambia najitesa bure. Agizo, anasema, walipewa makampuni ya simu wafunge. Halikuambiwa wewe mtumiaji usifungue. Hujavunja chochote. Hilo ni jibu zuri la wakili, na huenda mahakamani lingetosha. Lakini mdogo wangu hakuniuliza kama nitafungwa. Aliniuliza ni nani aliyenipa kibali cha kuchagua amri za kufuata na amri za kupita pembeni, na kwa nini yeye hana kibali hicho hicho.

Katika somo la falsafa tulisoma habari za Socrates. Alihukumiwa kufa huko Athens, na rafiki yake Crito alimjia gerezani na mpango kamili wa kumtorosha. Socrates alikataa. Alikubali kwamba hukumu ilikuwa mbaya, lakini alisema hawezi kuishi miaka 70 akifurahia sheria za mji halafu azikimbie siku zinapomuumiza. Darasani wengi wetu tulimwona mkaidi. Crito ndiye aliyetupendeza, kwa sababu Crito ni mtu wa VPN: mlango wa mbele umefungwa, basi tupite wa nyuma, walinzi tumeshawapa kitu kidogo.

Tulimsoma pia Martin Luther King, aliyeandika barua yake akiwa gerezani Birmingham mwaka 1963. Yeye yuko upande wa pili: sheria isiyo ya haki si lazima itiiwe. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, nikadhani nimepata mtetezi. Kisha nikaona sharti aliloliweka. Anayevunja sheria mbaya aivunje hadharani, tena akiwa tayari kupokea adhabu. Kwa King, ile adhabu anayoipokea mtu asiye na hatia ndiyo inayowaamsha majirani waone ubaya wa sheria.

Basi sina pa kujificha. Kwa Socrates nimekosa kwa sababu sikutii. Kwa King nimekosa kwa sababu nilivunja kwa siri, bila gharama, na bila kumwamsha mtu yeyote. "Hakuna mtu atakayejua" ni maneno ambayo hakuna hata mmoja wao angeyasema.

Lazima niseme pia kwamba waliofunga Facebook hawakuwa na hoja tupu. Kampuni iliyo ng'ambo ya bahari, ambayo hakuna Mganda aliyeichagua, inaweza kunyamazisha watu wa nchi yangu siku tatu kabla ya uchaguzi, na aliyenyamazishwa hana ofisi ya kwenda kulalamika. Hata kama akaunti zile zilikuwa za uongo kweli, swali la nani awe hakimu linabaki. Wanaosema maneno yanaweza kuua nao hawasemi upuuzi. Jirani zetu wa Rwanda walisikia redio RTLM mwaka 1994. Lakini nikiwaza zaidi kuhusu RTLM, naona haikuwa sauti ya mama mshonaji wala ya vijana wanaotania. Ilikuwa karibu na wenye nguvu. Anayetaka kutukinga na maneno ya kuua angeanza na maneno yenye askari nyuma yake. Na kama ugomvi ni kati ya serikali na kampuni ya Marekani, sielewi kwa nini faini ikalipwa na mabega ya gomesi.

Kwa hiyo mimi bado naamini agizo lile si la haki. Linaadhibu wasiohusika, halina tarehe ya mwisho, na mtu wa kawaida haonyeshwi afanye nini ili liondolewe. Sheria ya kamari ni tofauti. Mdogo wangu anaweza kuisoma, anaweza kuona inamlinda nani, na akifikisha umri itamwachia. Tofauti hiyo ni ya kweli. Nilimweleza, na aliielewa upesi. Tatizo ni kwamba mimi sikuitumia nilipomwekea mama VPN. Sikupima haki wala nini. Niliona kizuizi, nikajua njia, nikapita. Mdogo wangu alijifunza kile nilichokifanya, wala si sababu ambazo nimezitunga miaka baadaye.

Tena kuna jambo linalonisumbua kuliko hilo. Naanza kuamini kwamba VPN ndiyo iliyolisaidia agizo lile kudumu. Ile kodi ya shilingi 200 inatufundisha. Mwanzoni watu waliandamana Kampala, lakini baada ya muda walio wengi tulinyamaza, kwa kuwa tulikuwa tumeshaikwepa, wengine kwa VPN, wengine kwa Wi-Fi za ofisini. Makusanyo yakawa chini sana ya yale serikali iliyoyatarajia. Tukacheka. Tarehe 1 Julai 2021 kodi ile ikaondolewa, na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Hiyo hakuna VPN inayoikwepa. Inamkata anayetazama vichekesho na inamkata mwanafunzi anayesoma maelezo ya mwalimu, na inamkata pia yule bibi mwaminifu ambaye kwa miaka mitatu alilipa shilingi zake 200 kila alipotaka kuona picha za wajukuu walioko Dubai. Sisi wajanja tuliruka shimo, na shimo likapanuliwa mpaka likamfikia asiyejua kuruka.

Na VPN yenyewe si ya kila mtu. Inakula bando, inataka simu isiyo ya zamani sana, inataka mtoto wa chuo nyumbani. Jirani wa mama ni fundi pia, na mkono wake ni mzuri kuliko wa mama (mama mwenyewe anakubali), lakini hana mtu wa kumwekea. Wateja wake wa mbali wamekwisha. Kama sote tungekosa Facebook kwa pamoja, mafundi, wauza viatu, wanamuziki na hata wanasiasa, naamini kelele ingekuwa kubwa. Kwa kuwa wenye uwezo wa kupiga kelele wana VPN, wasio nayo wamebaki na ukimya wao.

Mtu atasema kwamba kupiga kelele kwetu ni hatari, na atakuwa anasema kweli. Stella Nyanzi alihukumiwa kifungo mwaka 2019 kwa shairi kuhusu Rais aliloliweka Facebook. Simlaumu mtu anayeogopa. Mimi mwenyewe naogopa. Ila kuna njia iliyo kati ya gereza na kujificha. Mwaka 2016 Andrew Karamagi na Robert Shaka walikwenda Mahakama ya Katiba kwa majina yao wakipinga kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kile kilichofanya kumsumbua mtu kwa maneno ya mtandaoni kuwa kosa la jinai. Januari 2023 mahakama ilikifuta. Karibu miaka saba! Na kabla hukumu haijatoka, Oktoba 2022, sheria ile ilikuwa imeshaongezewa makosa mapya. Nilipomsimulia mdogo wangu alicheka, akasema VPN inachukua dakika mbili. Sikucheka naye, ingawa nilitaka.

Je, nimwondolee mama VPN? Nimelifikiria hilo kwa uzito, na jibu langu ni hapana. Nikiiondoa, atakayelipia usafi wa dhamiri yangu ni mama, na sina haki hiyo. Socrates alikuwa anaamua kuhusu shingo yake mwenyewe. Lakini siwezi tena kuiita VPN ujasiri, wala kuiita haki yangu, kisha nikalala. Ni dawa ya kutuliza maumivu, na mwenye kuitumia anaweza kusahau kwamba jino bado limeoza.

Likizo iliyofuata nilimwambia mdogo wangu kwamba nilikosea kumfundisha njia bila kumfundisha kupima. Yeye akamweleza mama habari za kamari. Mama alimwadhibu, tena si kidogo, kisha akanigeukia mimi akaniuliza kama ni kweli kwamba mtandao anaofanyia biashara umekatazwa. Nilishangaa. Alidhani Facebook ina hitilafu tu, na kwamba ile programu ni ya kuitengeneza. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemfanya mama alizunguke agizo ambalo hakujua lipo.

Nilipomweleza alikaa kimya kwa muda, akiendelea kupindia ukosi. Kisha akasema, "Kwa hiyo mbunge wetu anajua?" Sikuwa nimewahi kumwuliza mbunge. Usiku ule niliandika barua ya kurasa mbili, nikaeleza mambo ya kitambaa, ya jirani yetu, na ya miaka iliyopita bila maelezo. Nilipofika mahali pa jina, mkono ulisita. Mama aliomba nisitaje duka lake, na nililifuta. Jina langu niliandika kwa kirefu. Mdogo wangu ndiye aliyeipeleka ofisini asubuhi kwa bodaboda, akamwomba karani aigonge muhuri wa kupokelewa. Nakala ile anayo yeye. Kila nikipiga simu nyumbani hunieleza kama jibu limekuja, na mpaka naandika insha hii halijaja.