Haja na Haraka



Mwalimu mmoja wa mtaa alituuliza: Mtu akimgonga mnyama wa porini usiku, naye hakukusudia kumwua, je, ana hatia? Waliosikia walicheka. Sisi hatukucheka, maana njia ya Morogoro kwenda Iringa twaijua.

Njia ile yapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyotengwa mwaka 1964, mwendo wa kilometa 50 hivi. Mvua ikinyesha, maji ya lami hutiririka kandoni, na majani mabichi huota. Swala hufuata majani. Simba na chui hufuata swala. Taa za gari humpumbaza mnyama, akasimama badala ya kukimbia. Akifa, fisi usiku na tumbusi mchana huja kula mzoga, nao hugongwa papo hapo. Tena akifa simba dume alindaye kundi, madume wageni huingia na kuwaua watoto wake, ili wapate kuzaa na mama zao. Hivyo kifo kimoja huzaa vingine, na dereva amekwisha fika Iringa.

Lakini tusimhukumu dereva peke yake. Kati ya Tarangire na Ziwa Manyara yako mapito ya wanyama yaitwayo Kwakuchinja. Nyumbu na pundamilia huyapita kwa majira yao, wakitafuta malisho. Siku hizi mashamba, nyumba na barabara kuu iendayo Babati zimeyabana. Mnyama aliyefungiwa njia hafi siku ile. Hudhoofika mwaka wa ukame. Naye simba akikosa mawindo huwajia ng'ombe wetu, ndipo twamwita adui na kumtegea sumu.

Je, barabara zifungwe? Hasha! Mgonjwa apitaje? Wala mkulima mwenye njaa hatumwambii aweke jembe chini. Haja ni haki ya mtu. Bali haraka si haja. Apelekaye mgonjwa ana haja. Atakaye kufika mbele ya mwenzake ana haraka tu.

Kule Mikumi yamejengwa matuta, vimewekwa vibao, na faini imepangwa kwa kila aina ya mnyama. Ni vema. Walakini tusidhani ya kuwa mwenye kulipa amemaliza deni, kwa maana fedha haimfufui twiga. Tena faini humpata aliyeonekana. Aliyepita gizani hana wa kumwuliza ila dhamiri yake.

Nasi twakiri kosa letu. Usiku mmoja tulikuwa abiria, gari likamgonga swala. Hakuna aliyesema neno, hata sisi, tulitazama saa. Na kabla ya hapo tulikuwa tumewasikia wenzetu wakimwambia dereva, Kanyaga mafuta! tukanyamaza.

Basi jibu letu kwa mwalimu ni hili. Asiyekusudia kuua si sawa na aliyekusudia. Lakini aliyekusudia kwenda mbio mahali alipoonywa, huyo alichagua, na hatia yake imo katika kuchagua kule. Nasi tulionyamaza tuna fungu letu.

Kwa hiyo, ndugu, mkisafiri, msione haya kumwambia dereva apunguze mwendo. Na mkiketi barazani kugawa ardhi ya kijiji, kumbukeni kuyaacha mapito. Mnyama hawezi kuja barazani kujitetea. Imetupasa sisi kumsemea.