Akianguka mmoja, kosa ni la nani?



Hapa Likasi, sikukuu ya uhuru ya 30 Juni inapokaribia, mabinti wa masomo wanajizoeza defile na michezo ya kushangilia. Tuliona kikundi kidogo, watoto 8. Wawili wanasimama chini, mmoja anapanda mabegani mwao. Siku ile wa juu akaanguka. Wenzake wakamcheka: kosa ni lake! Na sisi tuliosimama pale tulicheka.

Ndipo binti mmoja wa chini akalia, akasema: “Ni mimi. Bega lilichoka, nikaogopa kusema.”

Tujiulize: je, kuchoka ni dhambi? Hapana. Alikosa kwa kunyamaza. Lakini nani alimfundisha kuogopa? Ni wale wanaocheka. Basi kosa lilikuwa letu sote.

Mtume Paulo alilinganisha kanisa na mwili mmoja (1 Wakorinto 12). Katika kwaya, katika fanfare, katika nyumba zetu, wako wanaotubeba bila kuonekana. Tuwaulize leo, mbele ya kuanguka: “Ndugu, bega lako lingali na nguvu?” Naye aliyechoka aseme bila haya.

Mungu atusaidie. Amina.