Masomo ya Juu Kuhusu Mila: Ni Heshima ao ni Matanga?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mezali hii tunaisema mtu akifika nyumbani na mfuko mkononi. Lakini kuna mgeni wa namna ingine, yule anayekuja na kalamu na daftari: mwanafunzi wa chuo kikuu anayechunguza mila. Je, mgeni huyu naye anamponyesha mwenyeji? Ao anakula, anaandika, anaenda?

1. Swali lenyewe

Mtu anaweza kuuliza kwanza: mila za kisiwa kidogo, chenye watu ambao hawajazi hata komine moja ya Bukavu, zinastahili shahada? Kaskazini ya Ulaya walijibu ndiyo. Pa Kirkwall, mji mkubwa wa visiwa vya Orkney katika Uskoti, kilifunguliwa mwaka wa 2005 kituo cha masomo ya juu kuhusu historia na utamaduni wa visiwa na inchi za kaskazini. Kituo hicho ni cha masomo yaliyopata jina la chuo kikuu mwaka wa 2011, yaani University of the Highlands and Islands. Orkney ina watu karibu 22,000, na jirani yake Shetland karibu 23,000. Hata hivi, mtu mwenye digrii ya kwanza anaweza kukaa nyumbani kwake kisiwani na kufuata huko masomo ya shahada ya pili kwa njia ya intaneti. Hapashwi kuhama kusudi aruhusiwe kusema juu ya kwao.

Hilo ni jambo jema, sitalibishia. Udogo wa kabila si udogo wa maarifa yake. Lakini swali la maadili linabaki. Shahada hiyo ni heshima kwa walio hai, ao ni matanga, kilio kizuri juu ya kitu kilichokwisha kufa? Kusudi tujibu, tuangalie visiwa hivyo na ndugu zao wa Faroe.

2. Ndugu wawili, njia mbili

Orkney, Shetland na Faroe ziliingiwa zamani na watu wa Norwei. Wote walileta luga moja, na kwa miaka mingi wakaelewana. Kisha ikaja ndoa ya wafalme. Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmark na Norwei, alimwoza binti yake Margaret kwa mfalme wa Uskoti. Kule, baba wa binti ndiye aliyepashwa kutoa mahari, si mume kama kwetu. Feza zikakosekana. Mwaka wa 1468 aliweka Orkney rehani kwa florini 50,000, na mwaka wa 1469 Shetland kwa florini 8,000. Rehani haikukombolewa kamwe. Wenyeji hawakuulizwa neno.

Shetland ikaanza kupata mabwana wa mashamba, wachungaji, waamuzi na wafanya biashara wa Uskoti. Luga ya zamani, Kinorn, haikukatazwa kwa siku moja. Ilirudi nyuma pole pole: kwanza ikatoka mahakamani, kisha sokoni, mwisho ikatoka hata jikoni. Mwaka wa 1774 mchungaji mmoja, George Low, alifika kisiwa cha Foula. Huko mzee William Henry alimtolea shairi refu la beti 35, habari ya jarli wa Orkney na binti wa mfalme wa Norwei. Low hakujua luga ile. Aliandika tu sauti ginsi sikio lake lilivyozishika. Mzee mwenyewe alijua habari nzima, lakini maneno mengi hakuweza tena kuyafasiria. Shairi hilo likangojea mpaka mwaka wa 1900, pale mtaalamu wa Norwei, Marius Hægstad, alipolitengeneza na kulichapisha. Yule anayehesabiwa kuwa msemaji wa mwisho wa Kinorn, Walter Sutherland wa kisiwa cha Unst, alikuwa amekufa karibu na mwaka wa 1850.

Sasa tuone Faroe. Huko pia kanisa, shule na mahakama vilitumia luga ya kigeni, Kidenmark. Mwaka wa 1781 na 1782, mwana wa inchi Jens Christian Svabo alizunguka akiandika mashairi na maneno, kwa kuwa aliamini kwamba Kifaroe kinakwenda kufa. Alikosea. Watu waliendelea kuimba mashairi yale yale katika ngoma yao ya mviringo, mkono kwa mkono, wazee na vijana. Mwaka wa 1846 Hammershaimb, mtoto wa visiwa, akaipa luga hiyo maandishi. Mwaka wa 1938 ikakubaliwa kuwa luga ya kufundishia shuleni, na mwaka wa 1948 sheria ya kujitawala ikaitambua kama luga kubwa ya inchi. Mwaka wa 1965 watu wa Faroe wakafungua chuo kikuu chao pa Tórshavn. Christian Matras, Mfaroe wa kwanza kuwa profesa, aliacha kiti chake cha Copenhagen akarudi nyumbani kufundisha. Leo Faroe ina watu zaidi ya 54,000, na mtu anaweza kufika huko mpaka daktari wa luga ya mama yake.

Tofauti ilitoka wapi? Haikutoka kwa wingi wa wataalamu, maana Kinorn kimeandikiwa vitabu vingi vya samani. Ilitoka kwa matumizi. Daftari la Low liliokoa shairi moja, halikuokoa luga. Ngoma ya Faroe iliokoa luga, kisha wasomi wakaja kuisaidia. Kwa hiyo nasema: masomo ya juu hayawezi kuchukua nafasi ya maisha. Yakifika mbele ya kifo yanakuwa dawa. Yakifika nyuma, yanakuwa matanga.

3. Mgeni aliyelipa

Lakini tusihukumu matanga kwa haraka. Hata msiba una adabu yake, na kuna mgeni mmoja aliyeijua. Jakob Jakobsen, Mfaroe wa Tórshavn, alikaa Shetland toka mwaka wa 1893 mpaka 1895. Kinorn kilikuwa kimekufa, lakini alikusanya karibu maneno 10,000 yaliyobaki vinywani: ya upepo, ya bahari, ya rangi za kondoo. Mengine alipata kwa wavuvi, sababu wakiwa baharini walikuwa na miiko ya kutaja vitu fulani. Mchungaji waliita «mwenye kusimama», kanisa «nyumba ya maombi». Sisi ambao wazee walitukataza kutaja nyoka usiku, tukasema «kamba», tunaelewa vizuri. Zarau ya wakubwa iliua luga ya kila siku, lakini woga wa bahari ulilinda kipande chake.

Mwaka wa 1897 Jakobsen alitoa kazi yake ya udaktari pa Copenhagen. Na mwaka ule ule, pa Lerwick, mji mkuu wa Shetland, kulichapishwa kitabu chake kidogo cha mihadhara miwili aliyowatolea watu wa kawaida, juu ya maneno yao na majina ya mahali pao. Profesa wa Copenhagen akapata haki yake, na mvuvi wa Shetland akapata yake. Shahada moja, malipo mawili. Mimi naona hapo ndipo jibu la swali letu lilipo.

4. Na sisi?

Kwetu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapanda kijijini juu ya TFE yake. Mzee anamkalisha, anamfungulia mambo ya mahari, ya mashamba, ya mazishi. Siku tatu, siku inne. Kisha kazi inaandikwa kwa Kifaransa, inatetewa mbele ya walimu, inawekwa kwenye rafu. Mzee hajui hata kama jina lake limo. Mwanafunzi anaitwa «msomi», na mzee aliyemfundisha anaendelea kuitwa «mtu asiyesoma». Hii ni haki ya namna gani?

Kuna watakaosema: inchi iko na njaa na vita, shahada ya mila italeta nini? Ndugu msomaji, watu wa Faroe walikuwa wavuvi na wachunga kondoo, si matajiri, siku walipoanza kuandika luga yao. Hawakungoja washibe. Mtu anayeamini kwamba kwao hakuna kitu cha kujifunza, hata ukimpa mkate ataula akiwa na haya ya kuwa yeye. Wengine watasema si kila mila ni nzuri. Ni kweli. Lakini ili ukatae mila fulani kwa akili, sherti kwanza uijue.

Basi, mtu anayetafuta shahada juu ya mila za watu yuko na madeni matatu. La kwanza ni la jina: aandike nani alimwambia, kama mwenyewe anakubali. Tunamjua William Henry leo kwa sababu Low aliandika jina lake, siyo beti zake tu. La pili ni la luga: arudishe kazi kwa wenyeji katika luga wanayosikia, hata kama ni kurasa kumi, hata kama ni mazungumzo ya mangaribi moja chini ya mti. La tatu ni la wakati: aende sasa, wakati mzee anaweza bado kufasiria neno, siyo wakati anabaki na sauti tupu.

Na deni la ine ni la sisi wenyewe, walimu na wazazi. Tusiwaachie wasomi kazi ambayo si yao. Chuo kikuu kinaweza kuandika wimbo, hakiwezi kuuimba kwa niaba yetu. Luga ambayo mama hasemi tena na mtoto wake, hakuna digrii itakayoirudisha. Mzee angali anaketi pale. Anayetaka heshima, aende kumsikiliza angali hai, na akimaliza kuandika, arudi kumsomea.