Kufuata au Kukatwa: Asili ya Neno la Madhehebu

Neno la Kiingereza "sect", linalotumiwa kwa kikundi kilichojitenga na dini kubwa, hudhaniwa limetokana na kitenzi cha Kilatini secare, yaani kukata, ilhali asili yake ni secta, njia inayofuatwa, kutoka sequi, kufuata. Kwa Warumi secta iliweza kuwa shule ya falsafa, kama ya Wastoiki, wala haikubeba lawama. Tertullian wa Karthago, akiwatetea Wakristo mnamo mwaka 197, aliitumia kwa jumuiya yake mwenyewe bila haya. Hata hairesis ya Kigiriki, yaani uchaguzi, ambayo kitabu cha Matendo ya Mitume kinawapa Mafarisayo na Masadukayo, ilielekea kumaanisha uzushi kadiri viongozi wa kanisa walivyojitwalia mamlaka ya kuamua nani amechagua vibaya.