Kuuliza Daktari Si Kukosa Imani

Andiko la msingi: Marko 5:25–34

Kwa ambao hamkuwa nasi ibada ya kwanza, au mlikuwepo lakini mtoto akawatoa nje, haya ndiyo tuliyojifunza.

Huyu mama tunamjua. Miaka 12 anatokwa na damu. Tumehubiri juu ya pindo la vazi la Yesu mpaka pindo lenyewe linataka kuchakaa. Leo nataka tusimame kwenye mstari wa 26, ule tunaouruka tukikimbilia muujiza. Marko anasema mama alipita mikononi mwa matabibu wengi, akateseka, akamaliza mali yake yote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Luka naye anasimulia habari hiyo hiyo kwenye sura ya 8, lakini yeye anasema tu kwamba hakuna aliyeweza kumponya. Na Luka, kama Paulo anavyotuambia katika Wakolosai 4:14, alikuwa tabibu. Nafikiri daktari aliwastiri wenzake kidogo.

Kanisa lilicheka hapo. Mimi nilisomea biashara, na nikisoma mstari huo namwona mteja aliyelipa miaka 12 bila kupata alichonunua. Na namwona baba yangu.

Miaka kadhaa iliyopita mzee alianza kulalamika kwamba mwili umechoka. Yeye yuko nyumbani, mimi niko Nairobi. Akaenda kliniki moja karibu na soko, akapimwa damu, akaambiwa ni taifodi. Akapewa dawa. Baada ya wiki chache akarudi: taifodi tena. Mara ya tatu akaambiwa ni taifodi na malaria pamoja. Kila mara ananipigia simu, "Wamesema ni taifodi, nitumie elfu tatu na mia tano." Natuma kwa M-Pesa, halafu tunaomba kwa simu, nakemea roho ya taifodi. Niliikemea kweli kweli. Haikuwepo.

Wakati huo kazini nilikuwa kwa idara ya manunuzi. Singeweza kupitisha kiti kimoja cha ofisi bila kotesheni tatu. Muuzaji akija nilimuuliza maswali mpaka anatoa jasho. Lakini kwa baba yangu mzazi sikuuliza swali hata moja. Ningeuliza, angeniambia yale alikuwa amemwambia jirani: kwamba usiku anaamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, kwamba anamaliza jagi la maji na bado ana kiu, kwamba mshipi umeingia matundu mawili ndani. Kule kliniki hawakumuuliza, na yeye hakusema. Mzee wa heshima hawezi kuanza kumwelezea kijana mwenye koti jeupe habari za haja ndogo.

Aliyegundua ni muuguzi wa dispensari. Baba alienda kufungwa kidonda cha kidole cha mguu kilichokataa kupona. Yule mama akamuuliza, "Mzee, hiki kidonda kina muda gani? Na maji unakunywa kiasi gani?" Akamtoboa kidole cha mkono, tone moja la damu, sekunde chache. Ilikuwa sukari. Tulipoteza vidole viwili vya mguu. Baba yuko hai, anaendelea na kliniki yake, na amenipa ruhusa niwaambie haya.

Nikaja kujifunza baadaye kwamba kile kipimo cha taifodi kinachotumika sana kwenye kliniki zetu, kinaitwa Widal, hakitafuti kidudu chenyewe. Kinaangalia askari wa mwili, na hao wanaweza kuonekana kwa sababu ya ugonjwa wa zamani au ugonjwa mwingine kabisa. Swali moja tu, "Daktari, mna uhakika gani na hiki kipimo?", lingeweza kutufungulia mlango.

Sasa rudi kwa yule mama, mstari wa 33. Ameshapona. Angeweza kuteleza aende zake. Yairo yuko pale anasubiri, mtoto wake anakufa, na bado Yesu anasimama akitafuta aliyemgusa. Mama anakuja akitetemeka, anamweleza kweli yote. Ugonjwa wa aibu, ambao kwa sheria ya Walawi 15 ulimfanya najisi, anausema mbele ya wanaume na umati. Na Bartimayo je? Kipofu, kila mtu anaona ni kipofu, lakini Marko 10:51 Yesu anamuuliza anataka afanyiwe nini. Bwana anajua yote na bado anataka usikike kinywa chako. Daktari ambaye hajui yote, wewe unakaa mbele yake kimya unangoja akutabirie?

Mwambie jirani yako: sema yote. Sema hata ile dawa ya mitishamba uliyonunua stendi, kwa sababu inaweza kugombana na dawa ya hospitali. Sema kama uliacha vidonge katikati. Andika kwa karatasi kabla hujatoka nyumbani, maana ukifika mbele ya daktari unasahau. Kama unaogopa, enda na mtu.

Kisha uliza. Nina ugonjwa gani na mmejuaje? Kuna njia nyingine ya kutibu? Nikingoja itakuwaje? Hii dawa nakula mpaka lini? Gharama yote ni ngapi, na SHA italipa gani? Usione haya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama, na iwe kwa lugha anayoelewa. Akiongea maneno ya kitabu, mwambie kwa upole, "Daktari, nieleze kama unaongea na mama yako." Na ukiambiwa upasuaji mkubwa usio wa dharura, una haki ya kutafuta daktari wa pili. Tukinunua ploti tunaenda ofisi ya ardhi kuhakikisha hati. Daktari na hospitali pia wana leseni, na baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha unayoweza kuangalia kwa simu yako.

Lakini mtu akianguka, au anatokwa na damu nyingi, usianze kuuliza kotesheni! Kimbia hospitali iliyo karibu. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Najua kuna mpendwa anayesema, "Mchungaji, na Asa?" Ndiyo, 2 Mambo ya Nyakati 16:12, mfalme aliyeugua miguu akawategemea waganga. Soma sura nzima. Asa alikuwa ameshamwacha Bwana tangu aliponunua msaada wa mfalme wa Shamu, na nabii aliyemwonya akamtia gerezani. Kosa lake lilikuwa kumwacha Mungu. Hezekia aliahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu.

Hapa nitaongea wazi kwa sababu tumeumizana. Wapo kati yetu walioombewa presha au sukari, wakatupa dawa siku hiyo hiyo, tukapiga makofi. Yule mwenye ukoma wa Marko 1 aliguswa na Yesu mwenyewe, na bado Yesu akamtuma kwa kuhani akakaguliwe, kwa maana kuhani ndiye aliyekuwa mkaguzi wa ukoma. Umeombewa? Amina. Endelea na dawa, nenda ukapimwe, na daktari ndiye akupunguzie. Ushuhuda wenye karatasi ya maabara nitausoma hapa madhabahuni mwenyewe, kwa sauti.

Kamati ya ustawi pia tumekubaliana jambo. Kabla hatujaita harambee ya bili, tutakaa na familia tuulize kama SHA imelipiwa, kama makadirio ya hospitali yameandikwa, na kama kuna hospitali nyingine iliyoulizwa. Tusikasirikiane. Mwaka huu tumechanga mara mbili kwa bili ambazo hakuna aliyeweza kutueleza zilikuwa za nini.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, wauguzi wa kanisa letu watakaa kwenye hema la shule ya Jumapili kupima presha na sukari. Njooni na dawa zenu zote kwa mfuko, hata zile zimefichwa chini ya kitanda. Wazee wangu, nyinyi mtangulie kwenye laini. Baba yangu atakuwa hapo mlangoni na fimbo yake, na yeye haoni haya tena kuuliza mtu anaamka mara ngapi usiku.