Maumivu Yasiyolala

JUMANNE

Soma Ayubu 30:17 na 1 Wafalme 19:3–9. Mungu alimtendea Eliya mambo gani kabla ya kumtuma tena kazini?

Mama mmoja wa kanisa letu, upande wa juu wa Moshi, kwa miaka mingi alipanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Siku hizi habebi tena, lakini mgongo na magoti humuuma usiku na mchana. Hospitalini walimpima, wasione jambo jipya la kutisha. Nilipomtembelea nilimwombea, kisha nikamwambia aongeze imani. Akaniuliza, "Mwalimu, nawe unadhani najisingizia?" Sikuwa na jibu.

Nilikuwa nimefanya kama rafiki zake Ayubu. Walitenda vema siku saba walizokaa naye kimya (Ayubu 2:13). Walikosea walipoanza kumtafutia kosa.

Maumivu yanayozidi miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Mara nyingi ubongo na mishipa ya fahamu huendelea kutoa tahadhari hata jeraha likiisha kupona, kama mbwa anayebweka baada ya mwizi kuondoka. Maumivu hayo ni ya kweli. Hofu, huzuni na kukosa usingizi huyazidisha. Anayeogopa kuumia huacha kutembea. Misuli hulegea, viungo hukakamaa, na maumivu huongezeka.

Kwa hiyo, pamoja na dawa na mazoezi, washauri wa saikolojia humfundisha mgonjwa kuyachunguza mawazo yake ya hofu, kupumua taratibu, kutunza saa za kulala, na kugawa kazi: palilia migomba mitatu, pumzika kabla maumivu hayajapanda, kesho ongeza kidogo. Njia hii haiahidi kuondoa maumivu yote, bali humsaidia mtu kuyarudia maisha yake. Lakini kiungo kikivimba, homa ikipanda, au miguu ikifa ganzi, nenda hospitali mapema.

Wengine wetu huogopa neno saikolojia. Katika *Huduma ya Uponyaji* (1905), Ellen White alieleza jinsi akili na mwili vinavyoathiriana. Pia alionya mtu asiikabidhi akili yake itawaliwe na mwingine. Tuyashike yote mawili. Anayejifunza kuyapima mawazo yake hajaikabidhi akili yake kwa mtu, anaitumia.

Eliya alitamani kufa. Mungu alimpa usingizi, mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, maana safari ilikuwa ndefu. Ndipo akamwuliza swali, akamsikiliza. Naye Paulo aliomba mara tatu. Mwiba ulibaki, na neema ikamtosha (2 Wakorintho 12:7–9). Nani atasema Paulo alipungukiwa imani?

Nilirudi kwa mama yule nikamwomba radhi. Sasa darasani ana kiti chenye egemeo, na husimama anapotaka katikati ya somo. Jioni dada wawili hutembea naye hadi njia panda na kurudi. Bado anaumwa, ila haumwi peke yake.

Maswali ya Kujadili

1. Ni maneno gani tunayowaambia wenye maumivu ya muda mrefu, ambayo huwaongezea mzigo?

2. Soma Mithali 12:25 na Wagalatia 6:2. Darasa lenu linaweza kufanya nini juma hili kwa mshiriki mmoja anayeumwa mgongo au viungo?

Je, umewahi kuyahesabu maumivu yako kuwa ushahidi kwamba Mungu amekuacha? Kisa cha Eliya kinakujibu nini?